Nati Ikikataa Kufunguka

Mikokoteni mingi ya ng'ombe huku Usukumani hutembea kwa ekseli iliyotoka kwenye gari bovu. Mkulima hununua ekseli ya Land Rover au ya pikapu iliyolala mvuani miaka mingi, anaipeleka nyumbani, na hapo kazi inaanza. Nati haitoki ng'o. Vijana wanaongeza nguvu, bolti inakatika, na fedha ya pamba imekwisha kuwa chuma chakavu. Leo tujifunze namna ya kuitoa nati iliyoshikwa na kutu bila kuvunja bolti, na bila kupoteza jicho.

Kwanza tujue kutu ni nini. Chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja hugeuka kutu. Sasa, kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko kile chuma kilichoizaa. Na kati ya nati na hesi, yaani ile mistari inayozunguka bolti, nafasi ni ndogo sana. Basi kutu huvimba humo kama maharage yaliyolowekwa ndani ya chupa iliyozibwa. Ndiyo maana nati iliyokazwa kwa mkono tu inaweza kukataa wanaume wawili. Kutu hiyo tunaweza kuilainisha kwa mafuta na kuivunja kwa kugonga. Nguvu tupu huvunja bolti.

Anza kwa brashi ya waya. Sugua hesi zote zinazoonekana nje ya nati, maana nati itapita hapo hapo ikitoka. Kisha tia mafuta ya taa au dizeli, uchanganye na oili kidogo. Oili nzito peke yake haipenyi, itakaa juu tu. Petroli tusiitumie kabisa. Tia asubuhi, tia jioni, na kama nati ni mbaya sana uiache siku mbili au tatu. Wengi hawataki kungoja, lakini kungoja hakuna gharama, na bolti mpya ina gharama.

Kila ukitia mafuta, gonga nati ubavuni kwa nyundo, huku mwenzako ameshika kipande kizito cha chuma upande wa pili. Gonga kwa kiasi, mara nyingi, ukizunguka pande zote. Usigonge ncha ya bolti iliyo wazi, itatanuka kama uyoga na nati haitapita tena.

Spana iwe ya pete na ikae sawasawa. Ile ambayo mafundi huiita spana malaya, kwa nati ya kutu tuiache kwenye sanduku. Hucheza, ikala pembe za nati mpaka ikawa duara. Ukishaivaa spana, kwanza jaribu kukaza kidogo sana, halafu ndipo ufungue. Mtu atauliza, kwa nini nikaze kitu ninachotaka kufungua? Ni kwa sababu kule kutikisika huvunja kutu. Nati ikisogea, usiivute mpaka mwisho. Fungua robo mzunguko, rudisha kidogo, tia mafuta, fungua tena. Ukiilazimisha, ule unga wa kutu hujikusanya mbele yake na kuibana upya.

Hapa tusikilize kwa mikono. Nati ikiachia ghafla kwa mlio mkali, ni dalili njema. Lakini ukivuta ukaona spana inakwenda halafu inarudi kama mpira, acha mara moja. Hiyo si nati inayofunguka, ni bolti inayojipinda, na bado kidogo ikatike.

Wengine huvika bomba kwenye mpini wa spana. Ni sawa, lakini tujue hesabu yake. Nguvu ya kuzungusha ni nguvu ya mkono mara urefu wa mpini. Mpini wa sentimita 30 ukifanywa 90, mkono ule ule unazungusha mara 3 zaidi. Bolti nyembamba haiwezi kuvumilia hayo. Na siku zote uvute kuelekea kwako, usisukume, maana spana ikichomoka vidole huishia kwenye chuma.

Angalia pia upande wa kufungulia. Malori mengine ya zamani yana nati za magurudumu ya kushoto zinazofunguka kwa kuzungusha kulia; mara nyingi zimepigwa herufi L. Hata pedali ya kushoto ya baiskeli ni hivyo.

Mafuta yakishindwa, tunatumia moto. Nati ikipata moto tundu lake hupanuka. Hupanuka kidogo mno: tundu la milimita 20 likiongezewa joto la digrii 300, halifikii hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini hiyo yatosha kupasua kutu. Pasha nati, si bolti. Ikianza kupoa, gusisha kipande cha nta ya nyuki. Itayeyuka na kunyonywa ndani ya hesi.

Moto una masharti. Futa kwanza mafuta yote na weka kopo la mafuta mbali. Usipashe nati za gurudumu ambalo tairi lake lina upepo, maana tairi hupasuka na kuua. Usipashe shokamzoba, ni chombo kilichofungwa. Vumbi jeusi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo, huenda lina asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji ndipo ulifute.

Ikishindikana kabisa, tuitoe kafara nati, kwa kuwa ndiyo rahisi kununua. Ikate ubavuni kwa msumeno wa chuma, sambamba na bolti, na usizifikie hesi. Kisha weka tindo kwenye ule mkato na ugonge, itapasuka. Vaa miwani, na watoto wakae mbali.

Zoezi la kikundi: Spana ina mpini wa sentimita 25. Bomba limeufanya uwe sentimita 100. Nguvu ya kuzungusha imeongezeka mara ngapi? Je, mngeitumia kwa bolti ya unene wa kidole kidogo?