Saa ya Kufika na Saa ya Kuandikwa

Mama mpendwa, siku hizi ku irjansi ya hospitali nyingine majina ya wagonjwa yanaandikwa katika ordinateri. Mashini ile inahesabu pia muda ambao mgonjwa amengoja. Lakini haina macho. Haikuoni unapoingia na mtoto mgongoni. Inaanza kuhesabu tu wakati mtu anapoandika.

Tazama hesabu hii. Mama anafika saa 2:00 asubuhi na anakaa kwenye benchi. Jina linaandikwa saa 2:50. Muuguzi anamwona mtoto saa 3:30. Ordinateri inasema: amengoja dakika 40. Kumbe, amengoja saa moja na nusu! Wakubwa wa hospitali wakisoma dakika 40, watafikiri wauguzi wanatosha, na benchi litabaki limejaa.

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Uingereza waliweka kanuni kwamba kufika mwisho wa 2004 mgonjwa asikae irjansi kupita masaa 4. Wachunguzi waliona kwamba wagonjwa wengi waliandikwa kutoka katika dakika za mwisho kabla ya masaa 4 kutimia.

Basi, mama, fanya hivi:

1. Ukifika, enda kwanza mezani. Sema jina la mtoto na saa uliyofika, kisha ukae.

2. Sema saa vizuri. Saa tatu ya asubuhi inaandikwa 9:00 katika ordinateri. Saa tatu ya usiku ni 21:00. Ukisema "saa tatu" tu, wanaweza kukosea.

3. Shika saa ugonjwa ulipoanza. Degedege ikizidi dakika 5, mtoto anahitaji dawa mara moja.

4. Usingoje zamu kama mtoto ana degedege, amepoteza fahamu, anapumua kwa shida, hawezi kunyonya wala kunywa, ao anatapika kila kitu. Ita muuguzi kwa sauti! Mtoto atunzwe kwanza, aandikwe baadaye. Halafu ukumbushe waandike saa ya kufika, si saa ya kuandika.

Usiogope kusema saa ya kweli, wala usiiongeze. Mungu anapenda mizani ya haki, na saa nayo ni mizani.

Maulizo
1. Mama akifika saa 4 ya usiku, ordinateri itaandika saa ngapi?
2. Ni mtoto gani hapaswi kungoja zamu?