Habari za Watu wa Kale wa Engaruka

Wasomaji wetu wengi wamezoea kudhani ya kuwa habari za kale hupatikana kwa njia mbili tu, yaani kuandikwa vitabuni au kusimuliwa na wazee. Njia zote mbili zikikosekana, watu husema, "Nchi hii haina historia." Leo twataka kuonyesha ya kuwa neno hilo si kweli, na shahidi wetu ni Engaruka, mahali palipo chini ya genge la Bonde la Ufa, katika wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha. Waliokaa hapo zamani hawakuacha maandishi yo yote. Wamasai waliokuja kuikalia nchi ile baada yao hawasemi kwamba babu zao ndio waliojenga. Hata jina lenyewe, Engaruka, ni la Kimasai. Jina walilolitumia wenyeji wa kale limepotea pamoja nao.

Basi kimebaki nini? Yamebaki mawe. Mtu apandaye mteremko chini ya genge aona viwanja vingi vidogo vilivyosawazishwa, kila kimoja kimetegemezwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Juu ya viwanja hivyo zilisimama nyumba za miti na majani, ambazo zimekwisha oza. Vijiji vya namna hii ni saba. Chini yake, uwandani, ndipo palipokuwa mashamba: hektari 2,000 hivi, zimegawanywa kwa mistari ya mawe kuwa vitalu, na mifereji yapita katikati kuleta maji ya mito iteremkayo milimani.

Twamwomba msomaji atulie kidogo juu ya mifereji hiyo, maana ndiyo isemayo mengi kuliko vitu vingine vyote. Nchi ile ni kavu, na mvua zake ni haba. Mfereji ukiinama mno, maji hukimbia na kuchukua udongo; ukiwa sawasawa mno, hujaa tope na kuziba. Aliyeuchimba alijua kupima kwa macho, na ujuzi huo haupatikani kwa siku moja. Tena, maji ya mto mmoja hayatoshi mashamba yote kwa wakati mmoja. Lazima pawe na zamu, na penye zamu hapakosi ugomvi, na penye ugomvi hapana budi kuwa na wazee wa kuamua. Machifu na wazee wa nchi zenye mifereji, kama Uchagani, walilijua jambo hili vizuri. Na kwa Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, nao wakaa kaskazini ya Engaruka, ugawaji wa maji ulikuwa mikononi mwa baraza la wazee waitwao wenamiji. Kwa hiyo, ingawa hatuwajui watawala wa Engaruka kwa majina, twajua ya kuwa utawala ulikuwapo. Mfereji wenyewe watuambia.

Mgeni wa Ulaya aliyeandika kwanza habari za mawe haya ni Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita huko mwaka wa 1883. Mwaka wa 1935 akaja Louis Leakey, naye akakisia ya kuwa waliishi hapo watu zaidi ya 30,000. Wataalamu waliomfuata wamepunguza sana hesabu hiyo, kwa sababu si nyumba zote zilizokaliwa wakati mmoja. Walikuwako pia waliodhani ya kuwa kazi kubwa kama hii ni ya taifa fulani la wageni waliotoka mbali. Twaona walikadiria mno ugumu wa kupanga mawe, wakaukadiria kidogo uwezo wa mkulima. Uchimbaji alioufanya Hamo Sassoon katika miaka ya 1960, na kazi ya John Sutton baadaye, zimeonyesha ya kuwa walikuwa wakulima wa Kiafrika, waliolima mtama na kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Huenda mwalimu akaulizwa na wanafunzi wake, "Miaka yajulikanaje, ikiwa hapana aliyeandika?" Jibu limo katika makaa ya jikoni. Mti uliapo hai huvuta kutoka hewani namna fulani ya kaboni ambayo, mti ukisha kufa, hupungua polepole kwa kiasi kisichobadilika: nusu yake hutoweka kwa miaka 5,730 hivi. Mtaalamu hupima iliyobaki katika kipande cha kaa, akajua mti ulikufa lini. Kwa njia hii imejulikana ya kuwa Engaruka ilikaliwa tangu karne ya 15 hivi hata karne ya 18.

Kwa nini wakahama? Wengine wasema walifukuzwa kwa vita. Sisi twaelekea zaidi upande wa wale wanaotaja maji, kwa maana baadhi ya mifereji yaanzia katika makorongo ambayo siku hizi hayana maji ila mvua inyeshapo. Hapana mtu achimbaye mfereji kutoka korongo kavu.

Ushahidi huu wote umo katika mahali kitu kilipolala. Mwalimu au mwanakijiji aonaye mistari ya mawe ya namna hii katika nchi yake, au vigae vya vyungu, na apime kwa hatua, achore katika daftari, aandike jina la mahali na aliyoyasema mzee wa karibu, kisha aviache vilivyo. Mawe yakiisha kuondolewa ili kujenga zizi au kufungua shamba jipya, hata yakirudishwa kesho, hapana atakayeweza kusema kama mstari ule ulikuwa mpaka wa kitalu, ukuta wa nyumba, au ukingo wa mfereji.