Hofu Inayobaki Baada ya Matibabu: Somo kwa Wenye Ndoa

Katika vilima vya Masisi, mke akirudi nyumbani baada ya kukatwa titi kwa sababu ya kansa, majirani humletea viazi na maharagwe, nao humwambia, “Umepona, mama.” Mumewe hushukuru. Lakini usiku ule, taa ikiisha kuzimwa, wawili hao hulala macho, kila mmoja akidhani mwenzake amesinzia. Mke hulipapasa kovu lake kwa siri. Mume asikia, anyamaza.

Hofu hiyo si upumbavu. Kansa ya titi yaweza kurudi. Kuna aina ambayo hatari yake ni kubwa hasa katika miaka ya kwanza, kisha hupungua sana. Kuna na aina nyingine, ile inayolishwa na homoni za mwanamke, ambayo yaweza kurudi hata baada ya miaka 10 au zaidi. Ndiyo maana wengi wenye aina hii hupewa tamoksifeni, kidonge cha kila siku, kwa miaka 5, pengine 10. Basi anayemwambia mgonjwa, “Usifikiri tena jambo hilo,” anamwomba lisilowezekana.

Madaktari waliochunguza mambo haya wameona kwamba mara nyingi mume huogopa sawa na mkewe, pengine kumpita. Naye huficha, akidhani ndivyo amlindavyo. Mke naye husema, “Sina maumivu,” ili mume alale. Kumbe kila mmoja ausoma uso wa mwenzake, akidhani kuna neno baya asiloambiwa. Watu husema kwamba mwanamume asiyesema hofu yake ni imara. Mara nyingi ni mwoga tu, tena mwoga aliye peke yake.

Je, hofu ikisemwa haitazidi? Kwa kawaida la, maadam haisemwi kutwa kucha. Wakae pamoja jioni, baada ya chakula, mmoja aseme, mwingine asikilize bila kukimbilia kumtuliza. Maneno machache yatosha: “Naogopa kwa kuwa siku ya kupimwa imekaribia.” Hofu huzidi hasa siku zile.

Tena wapatane ni dalili zipi za kuwapeleka hospitali: uvimbe mpya penye kovu, kwapani au katika titi la pili, ngozi iliyobadilika, maumivu ya mifupa au kikohozi kipitacho majuma 2, kukonda bila sababu. Maumivu ya mgongo ya siku moja baada ya kulima hayamo. Mke ajipapase mara moja kwa mwezi, si kila usiku.

Ni kweli kwamba shauri hili ni rahisi mahali penye barabara njema. Kutoka vijiji vya msitu wa Walikale, safari ya hospitali yenyewe huogopesha. Mwaka 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa Januari na Walikale mwezi wa Machi, watu wengi walikimbia. Na mgonjwa anayekimbia hupitwa na siku ya kupimwa, hata dawa humwishia. Kwa hiyo karatasi za hospitali ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya uchaguzi, na mume ajue jina la dawa kama alijuavyo jina la mtoto wake.

Liko neno moja ambalo wengi huona haya kulitaja. Baada ya matibabu mume hujitenga kitandani, akiogopa kumwumiza mkewe. Pengine ndugu wamemwambia kwamba ugonjwa utamwambukiza. Kansa haiambukizi kwa kitanda wala kwa sahani. Lakini mke, asiyejua sababu, hufikiri kwamba amechukiza kwa kuwa titi halipo, au kwamba mume ameona dalili na anaificha. Hapo mume asingoje kuulizwa. Aweke mkono wake karibu na kovu, aulize, “Hapa panauma?” Na mke ajibu kweli.