Kadi za Posta za Maganda ya Mgomba

Shina la mgomba likiisha kuzaa mkungu wake halizai tena. Hukatwa, na machipukizi hushika mahali pake. Kwa mtengenezaji wa kadi, shina hilo lililokatwa ni mali. Maganda yake yakikauka huwa na rangi nyingi, toka rangi ya maziwa hata hudhurungi iliyokaribia weusi, wala hapana haja ya kununua rangi dukani. Huko Kenya mafundi hukata vipande vya maganda hayo wakavibandika juu ya karatasi ngumu, zikatokea sura za twiga, mitumbwi, au mama aliyejitwika mtungi, na watalii huzinunua.

Mwenye kutaka kutengeneza kadi nyingi kwa mara moja na aanze na vipimo. Posta za ulimwengu zimekubaliana kwamba kadi isipungue sentimita 14 kwa 9, wala isizidi 23.5 kwa 12. Karatasi ya manila yenye sentimita 84 kwa 59 hutoa kadi 32, kila moja 14.5 kwa 10.5. Sura ikatwe kwanza katika karatasi ya kawaida iwe kielelezo, ili twiga wa kadi ya kwanza na wa kadi ya mwisho wafanane.

Maganda yafutwe vumbi, yakaushwe kabisa, kisha yanyoshwe kwa pasi ya moto mdogo. Gundi ni uji wa unga wa ngano uliopikwa na kuchujwa, pamoja na chembe ya shabu, ile itumikayo kusafishia maji, ili usioze upesi. Upakwe mwembamba sana.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi ya siku nzima. Karatasi ikilowa hutanuka, na ikikauka hunywea. Upande mmoja ukilowa kuliko wa pili, kadi hukunjamana. Kuianika juani huzidisha ubaya. Yafaa kadi zilazwe katikati ya magazeti makavu, juu yake ubao na mawe, na magazeti yabadilishwe kila siku mpaka unyevu uishe. Kadi iliyofungwa ingali na unyevu huota ukungu, na ukungu huambukiza zilizo jirani yake. Mwenye duka akifungua bahasha moja yenye madoa huenda akayarudisha yote 32, na faida imekwisha.

Nyuma pachorwe mstari wa katikati: kushoto maneno, kulia anwani na stempu. (Kabla ya 1902 huko Uingereza upande huo ulikuwa wa anwani tu, na mwandishi alijibana penye picha.) Jina la kijiji kilichotengeneza kadi laweza kuandikwa chini kwa herufi ndogo, wanunuzi hulipenda.

Kadi ambayo vipande vyake vimeinuka iuzwe pamoja na bahasha yake, kwa kuwa mashine za posta zipigazo mihuri huweza kuving'oa.