SOMO: MTEGO WA WAYA HAUCHAGUI

Wapendwa, aliye na shamba kando ya msitu wa Imenti au Irangi anaijua hasara ya ndovu. Usiku mmoja tu, mahindi kwisha! Ndipo jirani anakuja na shauri lake: tega waya.

Ni kweli wazee wetu waliwinda Mlima Kenya. Lakini uwindaji ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1977, na hata paa wa kitoweo ni kesi. Tena waya uliotegewa paa hunasa chochote, hata bongo, yule swara mkubwa wa mistari myeupe. Bongo wa milimani waliobaki porini wako Kenya peke yake, na hawafiki 100. Huyo hana habari na mahindi yetu.

Sasa tufanye nini? Ndovu au nyati akiharibu, usifyeke mabaki. Mwite chifu, upige ripoti KWS, waje wakague na fomu ijazwe. Sheria ya 2013 inaruhusu fidia ya mimea, na shilingi milioni 5 mtu akiuawa, ila asiyejaribu kulinda shamba lake hunyimwa. Tusidanganyane, malipo huchelewa sana. Kwa hiyo weka nakala ya fomu nyumbani, nyingine kwa mzee wa kijiji.