SOMO: TUJIFUNZE KUSOMA PICHA

Je, umewahi kutazama picha ukasema, "Hii siielewi, ni ya wasomi"? Zamani tulisema hivyo hivyo juu ya barua na gazeti. Leo tunasoma. Picha nayo husomwa.

George Lilanga alikuwa Mmakonde. Alizaliwa mwaka 1934, kusini mwa Tanzania. Alikuwa mchongaji wa vinyago. Miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa ulinzi. Baadaye alichora kwa wino na kwa rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Lilanga alichora mashetani. Usiogope! Mashetani wake wanachekesha. Wana masikio makubwa, matumbo ya mviringo na vidole vichache. Wanacheza, wanapiga soga, wanafanya kazi kama majirani zetu wa Temeke. Hawafanani na mtu halisi. Je, mchoraji alikosea? La. Alifanya makusudi. Wewe uliyejifunza kuandika ukubwani unajua kwamba mstari mmoja mzuri ni kazi.

Ukiona picha kama hiyo, fanya hivi:

1. Chagua mstari mmoja. Ufuate kwa macho, polepole, mpaka mwisho.
2. Taja unachokiona: sikio, mkono, mguu. Mkono huu ni wa nani?
3. Jiulize: Wanafanya nini? Wanafurahi au wanagombana?
4. Ukitaka kucheka, cheka. Kisha jiulize umecheka nini. Labda umejiona mwenyewe.

Baada ya hapo, sema kama unaipenda au huipendi. Yote mawili ni sawa, kwa sababu umetazama kwanza.

Ukienda Mwenge, Kinondoni, kwa wachongaji wa vinyago, usipite haraka. Mgeni akisimama kutazama na sisi tukapita, yeye ataijua mali yetu kuliko sisi.

MAZOEZI

1. Lilanga alianza na kazi gani katika Nyumba ya Sanaa?
2. Kwa nini tunasema hakukosea alipochora masikio makubwa?
3. Shika kalamu. Chora mtu anayecheka kwa mstari mmoja, bila kuinua kalamu. Mpe mwenzako karatasi yako. Usimwambie ni nini. Mwache asome.