Pesa za Malaria: Kikundi Chetu Kibishe Mlango Gani?

Somo la kujadiliwa katika mkutano wa kikundi

Tukiwatembelea huwa tunaulizwa: "Tunasikia wafadhili wametoa mamilioni ya malaria. Mbona hayafiki hapa kwetu?" Ni swali la haki. Tulitazame kwa njia yetu ya siku zote: kuona, kuamua, kutenda.

KUONA

Pesa kubwa za malaria hazipewi kikundi cha kijiji moja kwa moja. Chukua Global Fund, mfuko wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2002 kupigana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Hapa Kenya pesa zake za malaria zimekuwa zikipitia Wizara ya Fedha na shirika la Amref. Sehemu kubwa hununua vitu: neti, dawa na vipimo. Kwa hiyo ile neti ya bure uliyopewa ni pesa iliyofika, ila haikuja kama noti.

Marekani nayo ilianzisha mpango wake wa malaria mwaka 2005. Ndio uliosaidia kupuliza dawa kwenye kuta za nyumba huko Migori na Homa Bay. Lakini Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na kazi nyingi zikakwama. Pesa ya mbali yaweza kukatika kwa siku moja, na mbu hangoji.

Pesa za utafiti hupewa wanasayansi, kama wale wa KEMRI walioko Kisumu na Kilifi. Hata hivyo bila wanakijiji hakuna utafiti. Familia za Kilifi zilishiriki katika utafiti wa neti zenye dawa miaka ya 1990, ikaonekana vifo vya watoto vimepungua kwa karibu theluthi moja. Mkiombwa kushiriki, ulizeni: lengo ni nini, na matokeo tutaletewa lini? Kukataa pia ni haki yenu.

KUAMUA

Mlango ulio karibu zaidi ni kaunti. Tangu 2013 dispensari na vituo vya afya viko chini yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni.

Mlango wa pili ni NGAAF, hazina ya serikali inayotoa ruzuku kwa vikundi vya wanawake, vijana na walemavu. Lakini tahadhari: pesa za Uwezo na za Hazina ya Wanawake ni mkopo. Msikope kununua neti. Neti huokoa maisha, lakini haizai pesa ya kulipa deni.

KUTENDA

1. Cheti. Andikisheni kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kulingana na sheria ya vikundi ya 2022. Muwe na katiba na akaunti ya benki.

2. Hesabu. Msiandike "malaria imezidi." Tembeeni nyumba kwa nyumba pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Kisha andikeni, kwa mfano: "Tulitembelea nyumba 120. Nyumba 47 hazina hata neti moja nzima."

3. Ombeni jambo moja. Kwa mfano, nauli na madaftari ya kufuatilia watoto wamalize dozi nne za chanjo ya malaria pale inapotolewa. Dozi ya nne ndiyo huachwa mara nyingi. Ombi dogo linaloeleweka hupita ombi kubwa la kila kitu.

4. Mchango wenu. Onyesheni mtatoa nini: kazi ya mikono, chumba cha mikutano, au sehemu ya pesa za meri-go-raundi. Mfadhili humsaidia aliyekwisha anza.

5. Vitabu. Mwekahazina aweke kila risiti, katibu aandike kila mkutano. Shilingi elfu moja isiyo na risiti yaweza kuwafungia mlango miaka mingi.

Jihadharini na mabroka. Akija mtu na koti safi akitaka "ada ya fomu" ili awapelekee ombi kwa mfadhili, msimpe hata ndururu. Global Fund haiuzi fomu vijijini.

Na tusingoje pesa ndipo tuanze. Kushona neti iliyotoboka ni uzi na sindano tu. Kumsindikiza mama mjamzito kliniki, au kuhimiza mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, hakuhitaji mfadhili. Kikundi kinachofanya hayo kikiandika ombi, kina la kusema. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kwa malaria anayetangulia kufa ni mtoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nyumba ngapi kijijini kwetu hazina neti nzima? Nani atahesabu, na lini?
2. Nani atauliza kwa msimamizi wa wadi tarehe ya mkutano wa bajeti?
3. Mgeni akiomba leo kuona vitabu vyetu, tutamwonyesha bila aibu?
4. Tuanze na nini wiki hii bila pesa ya mtu?